Nati Isiyoguswa na Spana

Luteni Zenobia Laruta aliteremka mtaroni kwa makalio, kwa sababu changarawe zilikuwa zinateleza na hakutaka kuvunjika mguu mbele ya watu wasiomtaka. Juu, ukingoni mwa barabara, wanaume wa chama cha mabasi cha Sorapata walikuwa wamejipanga wamejifunika ponjo zao, mikono ndani, wakimtazama. Wao mwuaji wao walikwisha kumpata. Walikuwa wamemfungia katika ofisi ya chama tangu jana, na walichongoja ni gari la mwendesha mashtaka tu, lije alasiri limpeleke gerezani jijini. Mwanamke huyu wa koti la polisi alikuwa anawachelewesha.

Basi la Mzee Calixto Sirpa lilikuwa limesimama chini ya mtaro kwa magurudumu yaliyobaki, pua imezama kwenye mwamba. Ndani ya pua ile ndimo alimofia Remberto, kitinda mimba wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Abiria walitoka na mifupa iliyovunjika, lakini walitoka. Remberto ilibidi atolewe kwa msumeno wa chuma.

Koplo Limbert Poma alimfuata akiguna, shavu moja limejaa majani ya koka.

“Afande, tumekuja kuangalia nini ambacho hatukijui?” aliuliza. “Magurudumu ya nyuma kushoto yamechomoka. Alfajiri ile ile Fundi Ponciano alionekana na spana, amepiga magoti nyuma ya basi. Aliyemwona ni Mzee Calixto mwenyewe. Spana tunayo, na mdomo wake una rangi ya fedha, rangi hii hii ya magurudumu. Mimi ningekuwa nimeshakula mchana.”

“Wewe umeshakula mchana. Nimekuona na salteña mbili.”

“Ile ilikuwa chai, afande.”

Laruta hakucheka. Alichuchumaa penye ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, ambako magurudumu pacha yalikuwa hayapo. Kilichobaki ni habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na bolti zake zimechomoza kwa duara. Bolti tatu zilikuwa zimekatika. Zilizobaki zilikuwa zimelika meno upande mmoja, na uso wa habu wenyewe ulikuwa umetafunwa vibaya. Alipitisha kiganja juu yake polepole, akavuta midomo.

“Poma. Mtu akilegeza nati zote alfajiri, basi linafika wapi?”

“Halifiki mbali. Pale kwenye kona ya kituo cha mafuta.”

“Na hili?”

Poma alitazama juu, akaifuata barabara kwa macho hadi ilikopotelea. “Limepita mji. Limepita daraja. Limepanda mlima wote.”

“Njoo huku.”

Moja ya yale magurudumu pacha lilikuwa limelala hatua chache kutoka hapo, limeegemea jiwe. Juu ya ringi bado palikuwa na utepe mwekundu uliofifia na petali mbili tatu zilizogandishwa na bia. Ilikuwa wiki ya karnivali. Jumanne, kama kila mwaka, mabasi yote ya Sorapata yalipangwa mbele ya kanisa yakafanyiwa challa: bia ikamwagwa kwenye magurudumu, maua yakavishwa kwenye vioo, padri akanyunyiza maji yake na fataki zikalia mpaka mbwa wakahama mji. Kabla ya hapo kila mwenye gari hulipaka rangi upya, maana hakuna anayepeleka gari chafu kuombewa. Jumamosi basi hili likaanguka.

“Ingiza kidole kwenye tundu hili la bolti,” Laruta alisema.

Poma aliingiza. “Si duara.”

“Lilikuwa duara. Limekuwa yai. Hiyo si kazi ya asubuhi moja, chuma hakichakai haraka hivyo. Gurudumu hili lilikuwa linacheza siku kadhaa.”

“Basi alilegeza mapema,” Poma alisema. Koplo alikuwa mlafi lakini hakuwa mjinga. “Akaja tena alfajiri kumalizia kazi.”

“Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Sasa tazama kile kilichonasa pale.”

Katika tundu jingine kipande cha bolti iliyokatika kilikuwa bado kimekwama ndani ya ringi, na nati yake kichwani. Laruta alikigonga kwa jiwe mpaka kikatoka, akakifuta kwa leso, akamwekea koplo mkononi. Nati ilikuwa imepakwa rangi ya fedha kama vitu vingine vyote.

“Spana ya chuma ikishika nati iliyopakwa rangi, inafanyaje?”

“Inakwangua kona.”

“Nionyeshe palipokwanguliwa.”

Poma aliigeuza nati juani, kona moja baada ya nyingine. Aliigeuza mara ya pili. Akaacha kutafuna.

“Nzima,” alisema.

“Na zile mbili tulizookota kwenye nyasi asubuhi?”

“Zile pia nzima. Nilidhani umeziweka kwenye mfuko kwa sababu ni nati tu.”

“Nati hizi zilipakwa rangi baada ya kufungwa, na tangu zipakwe hakuna spana iliyozigusa. Si alfajiri ya Jumamosi, si siku nyingine yoyote. Haya, leta spana ya Ponciano.”

Kutoka juu mmoja wa wale wanaume aliita. “Afande, mwendesha mashtaka keshapita kizuizi cha kwanza. Mnahesabu mawe huko?”

“Shuka utusaidie basi,” Laruta alijibu bila kuinua kichwa. Hakuna aliyeshuka.

Walizunguka upande wa kulia. Huku magurudumu ya nyuma yalikuwa mahali pake. Nati zake, zote, zilikuwa zimekwanguka kona mpaka chuma cheupe kinaonekana. Poma aliweka spana, akavuta, akavuta tena kwa uzito wake wote hadi uso ukamwiva, na nati haikutikisika.

“Imekaza kama imechomelewa,” alihema.

“Sasa ile ya mbele.”

Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limeinuka kidogo kutoka ardhini. Nati zake zilikuwa na rangi safi isiyo na mkwaruzo. Poma aliweka spana, akajikaza kama mara ya kwanza, akavuta, na nati ikazunguka bila ubishi wowote hata akaanguka chali kwenye changarawe. Juu barabarani wakacheka. Yeye hakucheka. Alibaki amekaa pale pale akiitazama spana.

“Zilizoguswa zimekaza,” alisema polepole. “Zisizoguswa zimelegea. Kwa hiyo Ponciano hakuwa analegeza.”

“Alikuwa anakaza. Alimaliza nyuma kulia. Kushoto hakufika.”

“Lakini nati hazilegei zenyewe tu, afande. Zimefungwa Jumatatu.”

Laruta alirudi kwenye habu ya kushoto, akatoa kisu, akakwangua mahali ambapo uso ulikuwa haujatafunwa. Rangi haikutoka unga. Ilitoka ganda zima, nene kama ganda la chungwa, na ubavuni mwake zilionekana tabaka: fedha, chini yake buluu, chini yake nyekundu, kisha fedha tena. Kila karnivali na koti lake. Mzee alikuwa akilipenda basi lake, na alikuwa amepaka kila mahali, pamoja na pale ambapo gurudumu na habu vinatakiwa kukutana chuma kwa chuma.

“Gurudumu hili halikufungwa kwenye chuma, lilifungwa kwenye rangi. Breki zikipata moto, barabara ikitikisa, rangi inasagika, na nafasi iliyoachwa na rangi ndiyo ulegevu wenyewe. Ndiyo maana fundi hukaza tena baada ya safari ya kwanza.”

“Hapa hawakazi,” Poma alisema. Yeye alikuwa mtoto wa huku huku, na alilisema bila mzaha. “Gari likishafanyiwa challa haliguswi kwa chuma mpaka Jumapili ya Majaribu, ile ya kufunga karnivali, ipite. Ukiligusa umeifungua baraka. Hata mimi pikipiki yangu siigusi.”

Jumapili ya Majaribu ilikuwa leo.

Walipanda kurudi barabarani. Laruta alijua alichonacho mkononi na alijua kinachokosekana. Nati na maganda ya rangi vingeweza kumshawishi fundi mwingine. Mwendesha mashtaka, mtu wa viatu vilivyopigwa rangi na haraka nyingi, angeyaamini macho ya mzee anayeheshimika kuliko kipande cha chuma. Na hata kama asingeyaamini, Ponciano asingeweza kuishi siku mbili Sorapata bila neno la Calixto Sirpa.

*

Ofisi ya chama ilinukia bia ya Jumanne. Vijana wawili walikuwa wamekaa mlangoni na mijeledi ya ngozi mapajani, na walisimama kwa uvivu kumpisha. Ndani, Ponciano Yujra alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, mdomo umevimba, na rangi ya fedha imeingia chini ya kucha zake zote.

“Umekula, fundi?”

“Sina njaa, afande.”

“Kulia ulimaliza nati zote. Kushoto hukuanza.”

Kwa mara ya kwanza aliinua macho, kisha akayarudisha sakafuni upesi. “Sijui unasema nini.”

“Nasema spana yako ina rangi kwa sababu ilikwangua nati za kulia, na umezikaza mpaka koplo wangu ameumia kiuno. Za kushoto hukuzigusa. Mtu anayetaka kuua hatengenezi nusu ya gari kwanza.”

“Andika nililegeza.”

“Kwa nini niandike uongo?”

“Si uongo mkubwa.” Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. “Nani alifunga magurudumu yale Jumatatu? Ni mimi. Yaliletwa na rangi mbichi pande zote, hata vidole vilikuwa vinanata. Nilisema nikwangue kwanza pale katikati. Nikaambiwa rangi imepakwa kwa mkono, na padri hangoji. Nikafunga. Fundi ni mimi, afande, sikuwa mwanafunzi.”

“Uliambiwa na nani?”

Ponciano alichokonoa rangi chini ya ukucha.

“Baadaye ulimwambia Remberto alilete ulikaze tena?”

“Nilimwambia. Alicheka. Akasema, kaka, nenda wewe kamwambie baba.” Kidogo Ponciano alitaka kutabasamu, mdomo ukamuuma. “Ijumaa likapita mbele ya gereji yangu. Nikalisikia linagonga nyuma. Ukishalisikia lile huwezi kulala.”

“Ukaja alfajiri kwa kujificha.”

“Nilidhani nitamaliza kabla hawajaamka.”

“Na Mzee Calixto akakukuta. Kwa nini hukusema haya jana, walipokuwa wanakupiga?”

Ponciano alimtazama kwa huruma fulani, kana kwamba luteni ndiye aliyefungiwa. “Wewe si wa hapa. Yule ni padrino wangu. Ndiye aliyenishika kisimani nikibatizwa, baba yangu alipokufa ndiye aliyenipa jeki yangu ya kwanza. Kesho anamzika mwanawe. Unataka nisimame mbele ya watu wote nimwambie amemuua yeye?”

“Nataka useme ulichofanya.”

“Ni kitu kile kile.”

“Mkeo ana miezi mingapi?”

“Saba.”

“Utatoka mtoto ana ndevu.”

Fundi aligeukia ukutani. Laruta alingoja, akagonga kreti kwa ncha ya kiatu, akangoja tena. Alipoona hapati zaidi alitoka na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuona hata mtu mmoja pale ndani wa kumkasirikia.

“Poma, kaa na hawa mlangoni,” alisema. “Mwendesha mashtaka akifika kabla sijarudi, mpe kiti, mpe kahawa, mpe hadithi ya bibi yako. Asiingie.”

“Bibi yangu alikuwa na hadithi fupi, afande.”

“Irefushe.”

*

Nyumba ya Sirpa ilikuwa imefunguliwa milango yote kwa ajili ya msiba. Sebuleni jeneza lilikuwa limezungukwa na mishumaa, na juu ya meza palikuwa na majani ya koka na sigara za wageni. Mama Eustaquia, mama yake Remberto, alikuwa amekaa kichwani mwa jeneza na shali nyeusi, mgongo umenyooka. Alimtazama Laruta akipita mpaka uani, wala hakuitikia salamu yake.

Mzee Calixto alikuwa bandani anakoweka vitu vya gari, peke yake, amekaa kwenye tairi. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, dereva wa miaka mingi kabla hajamwachia mwanawe usukani. Nyuma yake, kwenye rafu, yalipangwa makopo ya rangi.

“Pole, mzee.”

“Mmeshampeleka?”

“Bado.”

“Mnangoja nini? Niliwaambia nilichoona.”

“Uliniambia alikuwa nyuma ya basi. Nyuma upande gani?”

“Nyuma ni nyuma.”

“Mzee, umeendesha magari maisha yako yote.”

Calixto alivuta pumzi kwa pua. “Kulia. Lakini alikuwa anaelekea kushoto, nilimwona kabisa anaelekea kushoto.”

“Spana alikuwa ameiweka kwenye nati?”

“Ndiyo.”

“Anaizungusha?”

“Ndiyo. Anaizungusha kwa nguvu, kama mwizi.”

“Kwenda wapi?”

Mkono wa mzee ulijibu kabla ya mdomo. Uliinuka kutoka gotini, ukaishika spana isiyokuwepo, ukaivuta chini kwenda kulia, upande ambao nati hukazwa. Ni mwendo alioufanya mara nyingi mno maishani kuweza kuukosea. Ukafika nusu, ukasimama hewani. Calixto aliutazama mkono wake mwenyewe ukiwa pale juu, na Laruta hakumsaidia wala hakumharakisha.

“Kulikuwa na giza,” mzee alisema.

“Lakini uliona.”

“Niliona chuma kwenye gari lililobarikiwa. Hilo ndilo nililoona.”

Laruta alitoa kile kipande cha bolti na nati yake, akamwekea kiganjani. Kisha akaweka juu yake lile ganda la rangi alilokwangua kwenye habu. Hakueleza. Mzee aliigeuza nati kona moja moja kama alivyofanya koplo, tena kwa haraka zaidi kwa sababu alijua anatafuta nini. Ganda la rangi alilivunja kwa ukucha, akaziona tabaka zake. Alikaa hivyo mpaka Laruta akasikia wanawake ndani wanaanza sala nyingine.

“Hii ni ya upande uliochomoka,” mzee alisema.

“Ndiyo.”

“Haijaguswa.”

“Haijaguswa.”

“Na za nyuma kulia?”

“Zimekaza. Zote.”

Alifunga kiganja. “Wapakaji wote hupaka hivyo. Baba yangu alipaka hivyo.”

“Magari ya baba yako bila shaka yalipumzika mpaka Jumapili ipite, mzee, ndipo yakakazwa. Hili lilipanda jijini na kurudi kila siku tangu challa.” Laruta aliinama kidogo ili wasisikike ndani. “Ulimwambia nini Ponciano alfajiri ile?”

“Nilimtukana. Nikamrushia jiwe, nikasema anaiba baraka ya mwanangu.”

“Akajibu nini?”

Calixto aligeuza uso kuyatazama makopo ya rangi. Laruta alirudia swali lake kwa sauti ile ile. Alichukia kulirudia, na alilirudia.

“Alisema, Padrino, niache kushoto tu. Halafu naondoka.” Mzee alifungua kiganja akaitazama nati. “Kushoto tu. Nikaokota jiwe jingine.”

Ndani sala iliendelea. Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake.

“Kama ningemwacha?” Calixto aliuliza.

Angeweza kumwambia kwamba bolti pengine zilikuwa zimeshaharibika, na kwamba habu ile isingepona kwa kukazwa mara moja. Huenda ilikuwa kweli. Lakini Ponciano alikuwa na mke mwenye mimba ya miezi saba, na gari la serikali lilikuwa njiani.

“Angemaliza kushoto,” Laruta alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia.

“Huyo mwendesha mashtaka. Ukimweleza habari za rangi ataamini?”

“Ataamini macho yako.”

“Kwa hiyo nikinyamaza...”

“Ukinyamaza Ponciano anakwenda jela, na yeye mwenyewe ameniomba niandike hivyo. Hataki kukutaja. Wewe utabaki na heshima yako, na kesho utamzika mwanao watu wakikushika mkono.”

Calixto alimtazama kwa chuki safi. “Wewe mwanamke huna huruma.”

“Ningekuwa nayo ningekuletea habari hizi mwaka ujao, mzee, usiku, ukishamsahau kidogo. Lakini gari linafika sasa.”

Aliondoka bila kumwamrisha kitu. Hakuwa na haki ya kumwamrisha, na aliogopa akiongeza neno moja mzee angepata la kugombana nalo.

*

Gari la mwendesha mashtaka lilikuwa limekwisha kusimama mbele ya ofisi ya chama, injini inanguruma, na Poma alikuwa dirishani kwake akimsimulia kitu kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mabasi yote ya chama yalikuwa yamepangwa pembeni, hayasafiri kwa heshima ya marehemu, magurudumu yake yanang'aa kwa fedha, dhahabu na kijani, tepe bado zimening'inia.

“Mleteni,” mtu alisema, na wenzake wakaitikia. “Mleteni tumwone akipanda.”

Mlango ulifunguliwa, Ponciano akatolewa. Hakuwa amefungwa mikono, lakini aliiweka nyuma kama aliyefungwa. Mwanamke mmoja alimtemea mate, yakamfika begani. Laruta alijipenyeza mpaka mbele na kusimama kati yake na gari, akijua kwamba akianza kueleza habari za rangi hapo watamzomea, na baada ya kuzomea litafuata jambo baya zaidi. Alikuwa amefungua mdomo aanze hata hivyo, watu walipoanza kupisha.

Mzee Calixto alikuja katikati ya uwanja amevua kofia. Hakumtazama Laruta wala mwendesha mashtaka. Alisimama mbele ya Ponciano, karibu, wakawa kama watu wanaotaka kupigana, na uwanja ukanyamaza kumpa nafasi ampige.

“Huyu alikuwa anakaza,” alisema.

Wengine hawakusikia. “Anasemaje?”

“Alikuwa anakaza,” Calixto alirudia, akiwageukia. “Mimi niliwaambia alikuwa anafungua. Alikuwa anakaza. Alimaliza kulia, akaniomba kushoto, nikampiga mawe. Magurudumu nilipaka mimi, mpaka ndani, mahali pasipopakwa. Yamelegea kwa rangi yangu.” Alinyoosha mkono na kuwaonyesha nati, ingawa hakuna aliyeweza kuiona kwa umbali ule. “Haina alama. Itazameni. Haina alama hata moja.”

Hakuna aliyesogea kuitazama. Mwendesha mashtaka aliteremka garini, akamuuliza Poma kwa sauti ya chini huyu mzee ni nani, na Poma akamwambia. Pembezoni mwa uwanja dereva mmoja alijitenga na wenzake, akaenda kwenye basi lake, akapiga magoti penye gurudumu la mbele na kuzishika nati zake kwa vidole vitupu. Alipoondoa mkono alikwenda kutafuta spana. Mwingine akamfuata.

“Padrino,” Ponciano alisema, “na mimi nilifunga.”

“Nyamaza,” mzee alimwambia.

Ndipo Laruta alipomwona Mama Eustaquia. Alikuwa ameliacha jeneza na kuja nyuma ya mumewe, na wanawake wa msiba nyuma yake, wote kwa nyeusi. Alikuwa amesikia kila kitu. Alipita ubavuni mwa Calixto karibu kabisa, shali ikamgusa mkono, akaenda mpaka kwa Ponciano. Alichukua pembe ya shali ile na kumfuta mate begani, taratibu, mpaka yakatoka.

“Nani amekupiga mdomo?”

Ponciano alifunika mdomo kwa kiganja.

“Nenda nyumbani ukaoge,” alimwambia. “Mkeo akupe shati jeupe. Kesho wewe utabeba jeneza mbele. Mahali pa baba.”

Kijana aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, na yeye, ambaye hakutoa chozi akipigwa, alilia pale mbele ya watu wote bila kujificha.

“Eustaquia,” mzee aliita. “Na mimi?”

Mama Eustaquia alikuwa ameshaanza kurudi kwa mwanawe, na katika wanawake wote waliomfuata hakuna hata mmoja aliyegeuka.